Kutoka Barazani Hadi Rafu ya Duka: Mwongozo Kamili kwa Msimulizi Anayetaka Kutoa Riwaya

Mswada wa msimulizi mzoefu naujua kuanzia ukurasa wa kwanza. Unaanza vizuri kuliko mingine yote mezani, halafu unakufa ukurasa wa ishirini. Mwenyewe ukikaa naye benchi moja atakusimulia kisa hichohicho mpaka chai ipoe mkononi. Akikiandika, kinakuwa taarifa ya polisi.

Nimesoma miswada ya namna hiyo kwa miaka, na kosa ni lilelile. Mtu anahamisha maneno yake kwenye karatasi lakini sauti anaiacha kibarazani, pamoja na mikono, macho, na wale waliokuwa wakimjibu "ehe!"

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Sikufundishi kutunga, hilo unalijua tangu utotoni. Nataka tukitoe kisa mdomoni, tukiweke kwenye karatasi kikiwa bado kinapumua, kisha tukifikishe kwa mchapishaji bila kuibiwa njiani. Mifano mingi ni ya Tanzania, niliko. Pale taratibu za Kenya zinapotofautiana, nimezitaja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye kinasa sauti. Hata ya bei ndogo inafaa.
- Kauntabuku mbili: moja ya kuandikia, moja ya kumbukumbu za wahusika, mahali na majira.
- Kalamu nyekundu na penseli.
- Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA. Ya kuazima si kitu, utaihitaji kila siku.
- Kompyuta, yako au ya kukodi. Wapo wanaoandika riwaya nzima kwenye simu. Inawezekana, ila mgongo na macho vitakudai.
- Barua pepe ambayo nywila yake unaijua wewe. Nimewahi kuwajibu watu ambao hawakuliona jibu kamwe, kwa kuwa akaunti ilifunguliwa na kijana wa stesheneri, na nywila akabaki nayo yeye.
- Flashi moja, na nakala nyingine ndani ya barua pepe yako. Mchwa na chaji zinazokatika havina huruma.
- Wasikilizaji wachache, na wasomaji watatu ambao hawajawahi kukusikia ukisimulia. Makundi haya yasichanganyike. Sababu utaiona hatua ya 3.
- Saa moja kila siku, wakati uleule.

Umeona hapo hakuna fungu la fedha. Kuandika riwaya kunakula muda. Atakayekuomba pesa kabla mswada haujakamilika, mpite.

## Hatua ya 1: Chagua kisa kimoja, ukipime

Una visa mia. Riwaya moja inabeba kimoja.

Usichague unachokipenda wewe. Chagua kile ambacho watu wamekuomba ukirudie, hasa waliokuomba baada ya miaka. Kisha kiandike kwa sentensi moja: nani anataka nini, nini kinamzuia, na akishindwa atapoteza nini. Kwa mfano: "Mjane wa mvuvi anataka kurudishiwa mtumbwi wa marehemu kabla kusi haijaanza, lakini aliyeushikilia ni shemeji yake, na shemeji huyo ndiye anayemlisha yeye na watoto." Sentensi ikikataa kuandikika, ulichonacho ni kichekesho au kumbukumbu. Vyote vizuri, ila havitakufikisha ukurasa wa mia mbili.

Sasa kipime. Washa kinasa, simulia, tazama dakika. Mimi nikisimulia kwa mwendo wangu natoa kama maneno 100 kwa dakika. Kisa cha nusu saa, basi, ni maneno 3,000. Riwaya ya kawaida inaanzia maneno 50,000 hivi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoua miswada ukurasa wa ishirini. Kisa kimekwisha, mwandishi anaanza kuvuta kamba isiyo na ng'ombe. Kubali mapema kwamba kisa chako ni mbegu. Mti wenyewe tutaupanda hatua ya 4.

Onyo la kwanza: usiunganishe visa kumi kama shanga kwa kumsafirisha mhusika mmoja kutoka kimoja hadi kingine. Kila kisa kinapofungwa, msomaji anapewa nafasi ya kufunga kitabu.

Onyo la pili: ngano za jamii, za sungura na fisi, za majini na binti wa mfalme, si zako peke yako. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inazitambua kuwa kazi za jadi, na Kenya ina sheria yake ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za asili. Namna yako ya kuzisimulia ni yako. Ngano yenyewe usiidai. Na kama kisa ni cha kweli, cha jirani au cha ukoo, badili majina, badili kijiji, badili hata kazi ya mtu. Mjini kote wanajua ni nani aliyekimbia na mke wa mwalimu. Kumwandika ni jambo jingine.

## Hatua ya 2: Jirekodi mbele ya watu, kisha nakili neno kwa neno

Usijirekodi chumbani peke yako. Nilijaribu, nikapata sauti ya mtu anayesoma risiti. Kusanya watu wanne watano, waombe ruhusa ya kurekodi, weka simu pembeni, kisha isahau.

Kesho yake keti na kauntabuku, uandike kila kilichosikika: "yaani" zote, "bwana we" zote, kikohozi, kicheko, mtoto aliyeitwa na mama yake katikati. Halafu kwa kalamu nyekundu, ndani ya mabano, andika mwili ulifanya nini: [nimenyamaza], [nimeinua kiganja], [wamecheka], [nimeigiza kutembea kwa mzee], [Mwajuma kasema "toba!"].

Nusu saa ya sauti itakula asubuhi nzima, pengine na mchana. Usiipe programu ya simu ikunakilie, kwa sababu itafuta hasa vile tunavyovitafuta.

Utajua umefanya sawa ukiona karatasi imechafuka kwa wino mwekundu. Mabano yakiwa chini ya kumi, hukujitazama. Mtafute aliyekuwepo, muulize ulifanya nini pale kisa kilipokolea. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa na mabano arobaini na kitu, na nilikuwa nimeapa kwamba nasimulia nimetulia.

## Hatua ya 3: Maneno yafanye kazi ya mwili

Hapa ndipo penye kazi. Ukiwa na muda wa hatua moja tu katika zote, uumalizie hapa.

### Treni ya -ka-

Hivi ndivyo tunavyosimulia:

*Bibi akatoka, akaenda kisimani, akachota maji, akarudi, akakuta mlango umefungwa, akabisha, kimyaaa.*

Mdomoni ni tamu, kwa sababu kila kitendo umekipa wimbo wake: "akaenda" umelivuta, "akakuta" umelishusha, na kwenye "akabisha" umegonga meza. Kwenye karatasi vitendo vyote sita vina kimo kimoja, kama nguzo za uzio. Msomaji hajui asimame wapi.

Tiba yake ni kuchagua. Kitendo kipi ndicho kigeuzi cha mambo? Hicho kiachie -ka-. Vingine visukume nyuma kwa -li-, -po-, -ki- au -me-, na visivyo na kazi vifute. Tazama:

*Aliporudi kutoka kisimani, ndoo ikimchuruzikia shingoni, Bibi aliukuta mlango umefungwa. Haukuwahi kufungwa mchana. Akabisha kwa kiwiko, maana mikono yote ilikuwa kwenye ndoo. Ndani mtu alikohoa, kisha akakumbuka kwamba hakutakiwa kukohoa.*

Za awali zilikuwa -ka- sita, zimebaki mbili. Kikohozi nacho kilikuwa kwenye mabano: msimulizi alipofika hapo alikohoa kidogo, watu wakacheka. Mabano ndiyo yaliyozaa sentensi bora ya aya nzima. Kwa hiyo usinakili maneno ukatupa wino mwekundu. Wengi hufanya kinyume cha inavyotakiwa.

### Irabu zilizovutwa

"Akatembeaaaa, akatembeaaaa" ni njia ya mdomo ya kupima umbali. Kwenye karatasi umbali unapimwa kwa vitu vinavyopitwa: *Alipita kisima cha Wahindi, akapita mikorosho ya mwisho, na jua likamhamia bega la pili.* Ukiona umeandika irabu nne mfululizo, tafuta vitu vitatu vya kuweka mahali pake.

### Mwitikio

"Paukwa!" "Pakawa!" Hadhira ndiyo nusu ya hadithi, na kwenye riwaya nusu hiyo haipo. Kuna njia mbili za kuirudisha.

Ya kwanza, kazi ya kuitikia mpe mhusika. Awepo mmoja ndani ya kisa asiyeamini, anayeuliza, anayesema "hapo umetia chumvi." Ya pili, kata sehemu pale ambapo nakala yako inaonyesha watu walisema "ehe?" Usiwajibu hapohapo. Anza sehemu mpya kwingine.

Riwaya yenyewe usiifungue kwa "Paukwa" wala "Hapo zamani za kale", labda msimuliaji ndani ya riwaya awe ni mhusika anayesimulia kweli. Maneno yale ni ya kuwanyamazisha watu waliokaa pamoja. Msomaji wako yuko peke yake na ameshanyamaza.

### Sauti za watu

Ukisimulia, fisi anaongea kwa pua na shehe anaongea taratibu. Kwenye ukurasa pua haipo. Kila mhusika mpe tabia ya maneno: huyu anajibu swali kwa swali, yule hamalizi sentensi bila "wallahi", mwingine husema "sisi" akimaanisha yeye peke yake. Kujipima, ziba majina kwa kidole, mpe mtu asome mazungumzo. Asipotofautisha wanaoongea baada ya mistari kumi, rudi.

Lahaja nazo ziachie nafasi. Bibi wa Tumbatu aongee Kitumbatu, kijana wa Nairobi aongee Sheng yake. Masimulizi yenyewe chagua namna moja uishike hadi mwisho. Nimeona mswada unaoanza kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, katikati unaingia Dar es Salaam, na kumalizikia bungeni.

Tanakali za sauti ni zetu na ni tamu: *chubwi*, *pu*, *nyatunyatu*. Moja kwa ukurasa inatosha. Tano, na msomaji ataona kama anagongwa kichwani.

### Kimya

Pale ulipoandika [nimenyamaza], anza aya mpya. Kimya kikiwa kirefu, aya hiyo iwe ya sentensi moja.

Jinsi ya kujua umefaulu: chukua kurasa tatu, mpe mmoja wa wale wasomaji watatu wasiowahi kukusikia, mwombe asome kwa sauti wewe ukisikiliza bila kusema lolote. Akipumzika ulipopumzika na kutabasamu walipocheka wale wa barazani, umevuka. Akisoma kama taarifa ya habari ya saa mbili, kuna mabano umeyaruka. Hakuna njia nyingine ya kujipima ninayoiamini zaidi ya hii.

## Hatua ya 4: Mbegu iwe mti

Sasa yale maneno 3,000 yawe 50,000 bila maji ya kuongezea.

Rudi kwenye nakala, upigie mstari kila mahali uliporuka: "siku zikapita", "mwaka wa tatu", "basi wakaoana", "mzee akafariki". Kwenye baraza unaruka kwa sababu watu wana usingizi. Kila mruko ni sura inayosubiri. *Wakaoana* vipi, na mjane wa watu alikuwa ameshamkatalia mara mbili?

Halafu mfuate adui. Katika usimulizi adui hana haja ya sababu, ubaya wake unatosha. Katika riwaya, shemeji aliyeshikilia mtumbwi naye ana deni, ana mke anayemsuta, ana kumbukumbu ya kaka yake aliyependwa kuliko yeye. Mpe sura mbili za kwake na kisa kitapata uzito mara moja.

Chora ramani ya kijiji kwenye kauntabuku ya pili: kisima, msikiti au kanisa, duka, njia ya pwani. Kando yake weka kalenda. Hili watu hulidharau. Nimesoma mhusika wa Tanga akiokota maembe mabivu chini ya mti mwezi wa saba, akipepewa na upepo wa kaskazi. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi inashika kuanzia Aprili, na msimu mkubwa wa embe unaangukia kati ya Novemba na Februari. Mkulima mmoja akisoma hapo, umempoteza, na atawaambia wenzake.

Mwisho orodhesha sura. Sura 25 za maneno 2,000 zinakupa 50,000. Kila sura iandikie mstari mmoja tu: nini kimebadilika hadi mwisho wake. Sura isiyobadilisha kitu ifute sasa, kabla hujaipenda.

## Hatua ya 5: Andika bila kugeuka nyuma

Maneno 400 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 26, ni maneno 52,000. Miezi sita. Maneno 400 ni ukurasa na nusu hivi.

Usirudi kurekebisha sura ya kwanza. Ukigundua katikati kwamba shangazi lazima awe hai, andika pembeni "shangazi hajafa", endelea kana kwamba hakufa.

Lipo onyo linalowahusu wasimulizi peke yao: acha kukisimulia kisa hiki mpaka rasimu iishe. Ukikisimulia Ijumaa msibani na watu wakakushangilia, Jumamosi hakitaki tena kuandikwa. Ile hamu imeshalipwa. Wakikuomba, wape kingine. Una mia.

Na wale mnaoandika simulizi za vipande kwenye WhatsApp na Facebook, za "itaendelea kesho saa mbili usiku": shule hiyo ni nzuri, inafundisha kumshika mtu. Ila kila kipande kinaishia kwa kelele, na riwaya yenye kelele kila kurasa nne inachosha. Vipande navyo husambaa bila jina lako, au vikiwa na jina la mwingine. Mchapishaji na waandaaji wa tuzo watakuuliza kama kazi imewahi kutoka popote, na jibu ni lazima liwe la kweli. Kisa cha riwaya kiweke mbali na kundi.

## Hatua ya 6: Ilaze mwezi, kisha hariri mara mbili

Funga kila kitu mwezi mzima. Ukirudi, pita mara ya kwanza kwa ajili ya kisa tu: wapi panachosha, nani amepotea, nani amefufuka.

Mara ya pili ni ya lugha. Usianze nayo, utang'arisha sura ambazo baadaye utazitupa. Makosa ninayokutana nayo kila wiki ni haya:

- Kutenganisha kitenzi: "nime kuja", "ana sema". Ni *nimekuja, anasema*.
- Kuunganisha yasiyoungana: "kwasababu", "kwahiyo". Ni *kwa sababu, kwa hiyo*.
- "Ambae", "mda", "hichi". Ni *ambaye, muda, hiki*.
- Kudondosha h: "apa", "uwa anakuja". Ni *hapa, huwa anakuja*.
- R na L. Nimesoma bwana harusi aliyetoa *mahali* ya ng'ombe kumi, na ukoo mzima ukaipokea.
- Mazungumzo bila alama za kunukuu, hata mtu hajui nani kasema na nani kawaza.

Kosa moja moja halimfukuzi mhariri. Matano kwenye ukurasa wa kwanza yanamwambia kwamba kazi ya kusafisha itakuwa kubwa kuliko pato la kitabu.

Kisha wape mswada wasomaji wako watatu. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo, wewe ni mtu wao. Waombe waweke alama ya penseli kila mahali walipokiweka kitabu chini kwenda kufanya kitu kingine. Alama tatu zikiangukia sura moja, sura hiyo ina ugonjwa hata kama wewe huuoni.

## Hatua ya 7: Andaa mswada na uupeleke

Muundo ni rahisi: karatasi ya A4, Times New Roman 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa. Ukurasa wa mbele uwe na jina la riwaya, jina lako, simu, barua pepe na idadi ya maneno. Usiweke picha ya machweo.

Ambatanisha muhtasari wa ukurasa mmoja. Muhtasari unataja mwisho wa kisa. Wasimulizi hukataa katakata, huniandikia "ukitaka kujua kilichompata, soma mwenyewe." Mhariri si hadhira. Anataka kujua kama unajua kufunga.

Kabla hujapeleka, nenda duka la vitabu, shika riwaya zinazofanana na yako, tazama ni nani kazichapa. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota na E&D Vision; Nairobi kuna Longhorn na East African Educational Publishers, na wengine. Soma masharti yao ya kupokea miswada, kila nyumba ina yake. Fahamu pia kwamba wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na nafasi za riwaya ni chache. Ukikataliwa, mara nyingi umekataliwa na bajeti.

Ndiyo maana tuzo ni mlango wa kweli. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Mlango huu si wa jana: *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla kilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58 kwanza, kikachapwa 1960. Soma masharti ya mwaka husika mstari kwa mstari. Mswada mzuri uliopungukiwa maneno mia mbili unatupwa sawa na mbaya.

Ukishapeleka, subiri miezi mitatu, kisha uliza kwa barua fupi ya heshima. Usimpigie mhariri simu usiku. Hapana, hata kama namba yake unayo.

## Hatua ya 8: Haki yako na mkataba

Hakimiliki inazaliwa pale unapoandika. Tanzania na Kenya inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO ukiwa Kenya, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Sajili kabla mswada haujaanza kuzunguka.

Sasa maneno mawili yanayofanana: *mchapishaji* na *mchapaji*. Mchapishaji anatoa fedha zake, anahariri, anachapa, anauza, na wewe anakulipa mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa. Mchapaji ana mashine; unamlipa, anakupa maboksi. Wote wana kazi halali. Anayejiita mchapishaji huku anakudai "gharama za uhariri na jalada" ni mchapaji aliyevaa koti. Mimi mwenyewe, kwenye kitabu changu cha kwanza, nilimlipa wa namna hiyo. Nilipata maboksi manne, na jina langu kwenye uti wa kitabu likiwa limekosewa.

Kwenye mkataba tazama vitu hivi kabla ya sahihi:

- Mrabaha ni asilimia ngapi, na ya nini? Niliyoiona mingi inazunguka asilimia 10. Kitabu cha shilingi 15,000, asilimia 10 ya bei ya dukani ni 1,500. Lakini duka likichukua asilimia 40, yanabaki 9,000, na asilimia 10 ya hayo ni 900. Neno moja kwenye mkataba linakugharimu shilingi 600 kwa kila nakala.
- Hesabu unaletewa lini, na kwa maandishi?
- Haki za tafsiri, filamu, kitabu cha sauti na cha kielektroniki ni za nani? Kwa msimulizi, haki ya sauti ni shamba lake. Usiigawe bure.
- Kitabu kikiisha sokoni na kisichapwe tena, haki zinakurudia baada ya muda gani?

Usipoelewa kifungu, uliza. Mchapishaji akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

## Hatua ya 9: Ukiamua kujichapishia

Omba ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu: Tanzania kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya kwa KNLS, huduma ya maktaba ya taifa. Mlipe mhariri ambaye si rafiki yako. Chukua bei kwa wachapaji watatu tofauti kwa idadi ileile na karatasi ileile, la sivyo hulinganishi kitu.

Chapa 200 au 300 kwanza. Nakala 2,000 zinashusha bei ya moja moja, lakini zitalala chini ya kitanda chako na panya watazisoma kabla ya watu. Dai nakala moja ya majaribio, uisome yote: mpangilio wa kurasa, maneno yaliyomezwa na mshono, uti wa kitabu (na jina lako hapo).

PDF usiiuze mwanzoni. Mnunuzi wa kwanza ataituma kwenye makundi matano kwa nia njema kabisa.

## Hatua ya 10: Kitabu kikitoka

Rudi kibarazani na boksi moja. Usisimulie kisa chote, soma sura moja, ile inayoishia kwenye "ehe?", kisha funga. Bei iwe imeandikwa, na chenji uwe nayo mfukoni. Nakala za mkopo ziandike kwenye kauntabuku, hata za shemeji.

Nakala moja usiiuze. Iweke karibu na unapolala, na penseli ndani yake. Kila msomaji atakayekwambia "ukurasa wa 112 umeandika Salma badala ya Salima", weka alama hapohapo, na tarehe. Siku ya toleo la pili, hiyo ndiyo nakala utakayompelekea mhariri.